Barua kwa mwanangu: hesabu saa

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa haraka nikitafuta kama unaumwa, ya pili taratibu. Umeniuliza: kati ya hizi shule mbili za ufundi sauti zilizokukubali, ile ya mwaka mmoja yenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) kubwa ya chaneli 48 na ile ya shahada ya miaka minne, ni ipi itakayokupa kazi ukimaliza? Nimekaa na swali hilo siku tatu. Shule haitoi kazi, mwanangu. Mara ya kwanza utaitwa na mtu aliyebanwa, fundi wake kaugua au kachelewa, na jina lako ndilo lililotajwa jirani. Ninachokijua mimi ni namna mtu anavyoitwa mara ya pili. Hicho ndicho nitakachokujibu, unisamehe kama sicho ulichokiuliza.

Na siwezi kukieleza bila ile kaseti ya babu yako.

Wewe unaijua kama kaseti ya kulalia. Ulikuwa hufumbi jicho mpaka babu afike kwenye kivuko. Hukuambiwa kwamba ile ni kaseti ya pili. Mjomba wako kila akianza kuieleza ya kwanza mimi humkatiza, nadhani umeshaona. Leo nitaieleza mwenyewe.

Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nimalize shule. Shule yangu ilikuwa na mitambo ya maonyesho tu. Wanafunzi tulikuwa arobaini kwa mikisa moja, mwaka mzima niliikalia mara tatu, na mara zote tatu mwalimu alikuwa nyuma yangu akisema, "Hicho usiguse." Nikatoka na cheti cha daraja la kwanza. Basi nikaazima rekoda na maiki mbili, nikamkalisha babu yako kwenye kile kiti chake chenye mguu uliofungwa waya. Maiki moja kushoto, moja kulia, umbali kutoka kinywani mwake nikaupima kwa kamba ili usipishane hata kidole. Akasimulia saa moja na nusu. Safari ile hakuwahi kuisimulia yote mpaka mwisho kabla ya siku hiyo. Mimi nimevaa hedifoni, macho hayabanduki kwenye mishale ya mita, nayo inacheza palepale inapotakiwa. Sauti ilinizunguka kichwa kizima, pana, haina upande. Nikajiambia, hii ndiyo sauti ya mtu aliyesoma.

Wiki iliyofuata tukakusanyika kusikiliza. Mjomba wako akaleta redio yake ya spika moja. Jogoo alisikika. Kiti kilisikika kikilia. Kikohozi cha mjomba, ambaye siku ya kurekodi alikaa pembeni, kilisikika wazi hata watu wakamgeukia kumtazama. Babu hakusikika. Pale alipotakiwa kuwepo palikuwa na mnong'ono mwembamba, kama wa mtu anayesemea ndani ya debe. Nikaongeza sauti, jogoo akazidi kuwika. Babu yako akasogeza sikio kwenye spika, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Mimi niko wapi?"

Kaseti nikaipeleka kwa fundi mzee wa ule ukumbi nilikokuwa nakunja nyaya. Darasa la sauti hakuliona maishani mwake. Alivaa hedifoni sekunde tatu, nne, akasema, "Hii sauti haina katikati." Akataka nyaya zangu. Akafungua plagi moja kwa bisibisi ndogo, akanisogezea kwenye taa. Plagi za maiki zina pini tatu: ya kwanza ni ya ardhi, ya pili na ya tatu hubeba sauti ileile, moja ikipanda nyingine ikishuka. Aliyelehemu waya ule alizibadilisha hizo mbili. Kwa hiyo maiki ya kushoto ikisukuma, ya kulia ilikuwa inavuta, na zilipokutana kwenye spika moja zikafutana. Aliyekaa katikati ndiye aliyefutika. Jogoo na mjomba walisalimika kwa kuwa sauti zao hazikufika kwenye maiki zote mbili kwa usawa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilikuwa nalijua. Lilikuwa swali la nne la mtihani. Nilichora plagi ile kwa kalamu za rangi mbili na nikapata alama zote. Polariti, yaani upande upi unasukuma na upi unavuta, nilijua kuiandika. Kuisikia, sikuwahi kuisikia hata siku moja.

Mzee akatengeneza kaseti mpya kwa kupitisha upande mmoja kwenye waya uleule mbovu, ili kilichopinduliwa kipinduliwe tena, na babu akarudi katikati kama aliyevuta kiti akakaa. Nikakimbia nayo nyumbani. Babu yako hakutaka kuisikiliza. "Nilishasema," akaniambia, "sikilizeni nyinyi." Aliishi miaka minne baada ya hapo na hakuisikiliza.

Ndiyo maana nasema, na najua umechoka kunisikia nikisema: hesabu saa, usihesabu vitufe. Chaneli 48 hazikusaidii kitu kama utazikalia dakika ishirini kwa muhula. Waulize, mwanafunzi mmoja anapata saa ngapi peke yake kwenye mikisa, kwa wiki. Waulize chumba kinafungwa saa ngapi usiku. Waulize kifaa kikiharibika nani anakitengeneza, na kama wanafunzi wanaruhusiwa kusimama hapo na kushika chuma cha kulehemu. Na kile kijitabu chao kinachosema wahitimu wengi wana kazi, waulize kazi gani, maana anayeuza hedifoni dukani naye ana kazi. Watafute wawili waliomaliza mwaka juzi, usikubali kupewa wale waliochaguliwa na shule.

Sasa utaniambia, kama yule mzee hakusoma na alinishinda, shule ya nini? Nimejiuliza hivyo miaka mingi, na kila nikifika hapo nakwama. Pale ukumbini nafasi ya fundi mkuu ilifunguka mara tatu nikiwa hapo. Mara tatu walimpita yeye wakampa mwenye cheti. Mara ya tatu walinipa mimi. Nikaipokea. Aliniamkia siku hiyo kwa jina la cheo, yeye niliyekuwa nampa shikamoo kila asubuhi, na sikupata la kumjibu. Kwa hiyo siwezi kukuambia karatasi haina maana. Mimi karatasi ndiyo iliyonilisha, na wewe pia ilikulisha.

Umemtaja Geoff Emerick, yule fundi sauti wa Uingereza, kwamba alianza kazi bila shule yoyote ya sauti. Ni kweli. Aliingia studio za kampuni ya muziki ya EMI kule London mwaka 1962 akiwa na miaka 16, na mwaka 1966, akiwa na miaka 20, akakalishwa kwenye mikisa kuwarekodi bendi ya Beatles. Ila angalia hiyo miaka ya katikati. Alikuwa msaidizi wa waliomtangulia, akaenda kukata santuri, akarudi. EMI ndiyo ilikuwa shule yake, na alilipwa kuisoma. Ngazi ile karibu yote imevunjika. Kazi nyingi zimehamia kwenye kompyuta chumbani kwa mtu, studio kubwa ni chache, na msaidizi wa kukaa nyuma ya fundi akichota ujuzi si wengi wanaoweza kumweka. Kwa hiyo shule siku hizi inakuuzia kitu ambacho Emerick alikipata kwa mshahara: muda wa kukaa karibu na anayejua. Hapo narudi palepale pa saa.

Ile ya shahada unasema ina mwaka mzima wa kukaa kazini kabla ya kumaliza. Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kinafundisha kazi hii tangu 1970 na wanafunzi wake hupelekwa hivyo hivyo nje mwaka mzima. Huo mfumo naupenda, sikufichi. Ila waulize nani anamtafutia mwanafunzi mahali pa kwenda, chuo au yeye mwenyewe. Kama ni yeye mwenyewe, basi hapo wanakuuzia mwaka wako.

Kuhusu mkopo sina mengi. Deni kubwa humfanya fundi mchanga akatae kazi ndogo, na kazi ndogo ndizo zinazoleta simu ya pili.

Na kazi yenyewe usiitafute kwenye studio za muziki peke yake. Najua unapenda ngoma na gitaa. Mimi nimelishwa zaidi na watu wanaoongea: mikutano, tamthilia, habari, vitabu vya kusikiliza. Kuna filamu zinazohitaji maneno yasafishwe, kuna michezo ya kompyuta, kuna majumba mapya yanayofungwa spika kila chumba. Shule isiyokufundisha kusafisha sauti ya mtu, au isiyojua kwamba utangazaji wa Ulaya una kiwango chake cha ukubwa wa sauti tangu 2010, LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa sauti), inakuandaa kwa dunia ambayo imeshapita. Chunga na masikio. Sauti ikifika desibeli 85, unaweza kukaa nazo muda wa saa nane kwa siku, lakini kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, na kwenye 100 umebakiwa na robo saa. Nunua vizibo vya masikio kabla hujanunua maiki.

Unataka niseme ipi. Nimeandika jina hapa mara mbili na mara mbili nimelikata, kwa sababu nikilisema utakwenda huko kwa ajili yangu, na mimi darasa lao sijalikalia hata moja. Nenda zote mbili siku ya kawaida, si siku ya wageni. Kaa nyuma ya chumba cha mikisa. Hesabu wangapi wanagusa na wangapi wanatazama, uniandikie namba hizo. Ukishaniandikia, ndipo uniulize tena, na safari hiyo nitakujibu.

Kaseti ya kwanza sikuitupa. Nimeihamishia kwenye kompyuta, nimekutumia. Isikilize kwanza kwa hedifoni, kisha bonyeza mono, pande mbili ziwe sauti moja. Jogoo utamsikia.

Mama yako