"Inasemekana": nani anayesema?

SWALI: Nasoma shahada ya pili na mada yangu ni historiografia, yaani jinsi wanahistoria wanavyofanya kazi yao. Msimamizi wangu amekata neno "inasemekana" kila nilipoliandika, akaweka pembeni: "Nani anasema?" Je, ni kosa la sarufi? Na nikiweka "inadaiwa" au "inaaminika" badala yake, nitasalimika?

JIBU: Kosa la sarufi halipo. Ila sarufi ndiyo inayoeleza kwa nini msimamizi wako amekereka.

"Inasemekana" iko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haimkubali mtenda. Tunasema "barua imesomwa na karani", lakini hakuna asemaye "barua imesomeka na karani". Vivyo hivyo huwezi kuandika "inasemekana na Herodotus", yule mwanahistoria wa Ugiriki ya kale. Ukitaka kumtaja, sharti uianze sentensi upya: "Herodotus anasema kwamba..." Taaluma yenu nzima imesimama juu ya kuuliza habari imetoka kwa nani, yeye aliipata wapi, na alikuwa na sababu gani ya kuitoa. Wewe umechagua umbo la kitenzi ambalo halina hata nafasi ya kumweka mtu huyo. Na "yasemekana" haikusaidii. Ni neno lilelile limevaa kanzu.

"Inadaiwa" ni kauli ya kutendwa, kwa hiyo mtenda anaingia: "inadaiwa na wafuasi wa mfalme". Lakini tumezoea kulisikia katika habari za polisi na mahakama, na shaka hiyo hailitoki. Litumie penye ubishi wa kweli. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini, katika kitabu chake Muqaddima alichokiandika mwaka 1377, anaichukua habari iliyopokewa na al-Masudi, mwanahistoria Mwarabu aliyemtangulia, na wengine kwamba Musa alihesabu jangwani jeshi la watu 600,000 au zaidi. Halafu anauliza: jeshi kubwa namna hiyo lingepangwaje vitani, ikiwa upande mmoja hauwezi kujua upande wa pili unafanya nini? Hapo "al-Masudi anadai" inakaa vizuri, kwa kuwa hoja ya kumpinga inafuata. Pasipo na hoja, "inadaiwa" inamtuhumu shahidi bure.

"Inaaminika" naiogopa zaidi, maana ina nyuso mbili. "Chanzo hiki kinaaminika" maana yake kinastahili kuaminiwa. "Inaaminika kwamba" maana yake wapo watu wanaoamini. Kwa mwanahistoria hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Chukua ile hati iliyosema Kaisari Konstantino alimpa Papa mamlaka juu ya sehemu ya magharibi ya dola ya Kirumi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, msomi wa Kiitalia, alionyesha kwamba Kilatini cha hati hiyo hakiwezi kuwa cha karne ya 4, enzi ya Konstantino. Miongoni mwa mengine, inawataja "masatrapi", cheo ambacho maofisa wa Roma hawakuitwa. Ukiandika "hati hii iliaminika kwa karne nyingi", msomaji hajui kama unaeleza imani ya watu au unaisifu hati. Andika "wengi waliiamini", na utata umekwisha. "Inajulikana kwamba" nayo inakufunga mwenyewe: huwezi kuiandika kisha ukasema jambo hilo si kweli.

Lipo umbo moja ambalo usikubali likatwe ovyo: "ilisemekana", yenye wakati uliopita. "Inasemekana mfalme alikimbia" ni uvumi wa leo usio na mwenyewe. "Siku hizo ilisemekana mfalme amekimbia" ni tukio la kihistoria: watu walisema hivyo, wakaogopa, pengine wakachukua hatua kwa sababu hiyo, hata kama mfalme alikuwa amelala chumbani kwake. Marc Bloch, mwanahistoria Mfaransa aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha mwaka 1921 makala kuhusu habari za uongo za vitani, akitaka kujua zinazaliwaje na kwa nini zinakubalika. Katika kazi ya namna hiyo uvumi wenyewe ndio ushahidi. Sharti lake ni kwamba uonyeshe ulijuaje kuwa ulivuma: barua, gazeti, shajara.

Yanabaki masimulizi ya mdomo, ambako msemaji wa kwanza mara nyingi hajulikani na "inasemekana" huja yenyewe kalamuni. Jan Vansina, mwanahistoria wa Afrika mzaliwa wa Ubelgiji, ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 kiliwashawishi wanahistoria wengi wayachukulie mapokeo ya mdomo kuwa chanzo halali, alisisitiza kuchunguza mnyororo wa wasimulizi. Huenda usimfikie wa kwanza, lakini wa mwisho unamjua, kwa sababu ndiye aliyezungumza nawe. Kwa hiyo, badala ya "Inasemekana ukoo huu ulitoka kaskazini", andika: "Msimulizi, aliyesema alilisikia jambo hili kwa babu yake, alinieleza kwamba ukoo huu ulitoka kaskazini." Sentensi imerefuka, iache hivyo.