Kidonda cha kipini hakitaki mkono

Juzi usiku mtoto wa dada yangu kanipigia simu, ana miaka 19, rafiki yake anaolewa mwezi ujao na yeye anataka atoboe sikio juu, pale kwenye mfupa laini, ili siku ya harusi avae hereni mpya. Nikamwambia mwanangu, mie mamako mdogo nakuomba, usitoboe saivi kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao. Tuliongea karibu saa zima, na nilipokata simu nikaona bora haya niyaandike kabisa maana hakika siye peke yake, msimu wa harusi ukianza hapa Tanga kila binti anataka kitu kipya puani au sikioni na hakuna anayewaambia kitakachofuata baada ya tundu.

Mie nimezaliwa Ngamiani, masikio ya chini nilitogwa nikiwa mchanga, bibi alitumia sindano na uzi, uzi ukafungwa kifundo ukaachwa humo ukawa unapakwa mafuta ya nazi, baadae ukatolewa akaweka kijiti cha chelewa. Yakapona. Sasa nikakua nikijua kutoga ni jambo la siku chache tu. Kumbe ndewe, ile nyama ya chini, ina damu ya kutosha na hata hivyo inataka wiki sita mpaka nane. Sikio la juu ni gegedu, ndo ule mfupa laini, na gegedu halina mishipa yake ya damu, linaishi kwa kupewa na ngozi iliyolizunguka, kwa hiyo likiumia linapona polepole sana, miezi sita hadi mwaka, na likiingia wadudu mwili hauna njia ya haraka ya kupeleka askari wake pale. Pua ni miezi minne hadi sita hivi, kitovu nacho ni kama sikio la juu, miezi sita mpaka mwaka. Ulimi ndo unawahi, mwezi au mwezi na nusu.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Mwaka 2018, siku mbili kabla ya Idi, nilienda saluni moja mjini nikatobolewa sikio la juu kwa ile bunduki ya plastiki. Dada aliifuta kwa spiriti, akaniwekea alama kwa kalamu, akabonyeza, basi, akaniambia niwe napaka spiriti mara tatu na kipini nikizungushe kila asubuhi na jioni kisigande. Nikafanya vilevile nilivyoambiwa. Siku ya tatu usiku sikio lilikuwa linadunda, yani nikilala nasikia mapigo ya moyo mle mle sikioni, na lilikuwa la moto kiasi kwamba mama aligusa kwa nyuma ya mkono akashtuka. Jirani akaja kwa nia njema kabisa na kapsuli ya rangi mbili, akaifungua akanimwagia unga wake juu ya kidonda. Ule unga ukashikana na majimaji ukawa kama simenti, juu pakavu, chini usaha unajaa hauna pa kutokea.

Zahanati nilimkuta daktari mama mtu mzima, nikamwamkia, akawasha tochi akaangalia nyuma na mbele, hata hajaandika kitu akaniuliza, "Unakizungusha?" Nikasema ndio dokta, asubuhi na jioni. Akasema, "Mwanangu, kila ukikizungusha unaichana ngozi iliyoota usiku. Ndani mule ngozi inajaribu kujishona, wewe unafumua."

Nilitibiwa, dozi nikamaliza yote, sikio likapona lakini ukingo wa juu umekunjika kidogo mpaka leo, ukipitisha kidole unausikia.

Kwa hiyo la kwanza kabisa ni hilo: kidonda hiki hakitaki mkono wako. Usizungushe, usisukume mbele na nyuma, usijaribu kuona kama kimeshika. Ukikigusa basi iwe umetoka kunawa kwa sabuni na una sababu.

Kinachosafisha ni maji ya chumvi, hayo tu. Mwaka 2021 nilipotoboa pua (nilisubiri miaka mitatu kwa woga) nilifanya hivi, asubuhi na usiku naloweka kipande cha gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwenye salaini, ndo hayo maji ya chumvi, nakiweka juu ya kipini bila kukandamiza, natulia dakika chache mpaka ule ukoko umelainika, halafu unatoka wenyewe. Ule ukoko wa rangi ya majani makavu unaoganda pembeni ya kipini usikutishe, sio usaha, ni majimaji ya mwili yaliyokauka na ni dalili kwamba kidonda kinafanya kazi. Usiubandue kwa kucha. Pamba nayo siipendi kwa sababu nyuzi zake zinajiviringisha kwenye kipini na ukivuta unavuta na kidonda. Ukimaliza kausha kwa tishu safi, taulo la bafuni hapana, taulo lina vitanzi vinavyonasa halafu mnalitumia nyumba nzima.

Salaini ya duka la dawa ndo nzuri zaidi kwa sababu haina wadudu na kipimo chake ni sawa, gramu 9 za chumvi kwa lita. Ukikosa, chemsha maji, pima kikombe cha mililita 250, weka robo kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida, iache ipoe kwenye chombo safi chenye kifuniko, na kila siku tengeneza mpya. Robo kijiko ni robo kijiko jamani, watu wanaongeza wakidhani ikikolea ndo dawa, matokeo yake ngozi inakauka inapasuka.

Na hapa niseme la Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, maana huyu mwanangu nae kaniuliza, "si niwe naenda tu kuogelea, mama mdogo, bahari si maji ya chumvi?" Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita, karibu mara nne ya salaini, na humo humo kuna mchanga, kuna uchafu wa mji, kuna wadudu ambao wanaishi kwenye chumvi bila shida. Mpaka kidonda kipone ukienda ufukweni kaa kwenye mchanga, ingia mpaka kiunoni ukipenda kama umetoboa sikio au pua, kichwa kibaki nje. Wa kitovu asiingie kabisa.

Spiriti, peroksaidi, dettol, zote zinaua hata ngozi changa inayoota kwa hiyo kila siku unarudi mwanzo. Mafuta ya nazi na manjano najua nitagusa watu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alinipaka na nikapona, na simkosoi, alitumia alichokuwa nacho kwa mapenzi yote. Lakini joto la Tanga na jasho lake unalijua, mafuta yanaziba tundu na kushika vumbi na unyevu, na lile lilikuwa ndewe la mtoto mchanga sio gegedu la mtu anayepanda bodaboda kila siku.

Bodaboda zenyewe, ile helmeti ya abiria imepita vichwa vingi na inabana sikio, mie kwa miezi ile nilitembea na mtandio mwepesi wa pamba naufunga kwanza, na ukivua helmeti vua polepole kwa mikono miwili kwenda juu. Ushungi nao uvue ukijitazama kwenye kioo. Pini ya ushungi na kipini kipya ni maadui, mara mbili nimenasa kitambaa puani machozi yakatoka. Nguo za kuvalia kichwani hivyohivyo. Kwenye udhu sikuacha kupandisha maji puani, nilitumia maji safi, taratibu, nikimaliza nakausha nje na kwa ndani kwa ncha ya tishu, maana kinachoharibu ni unyevu unaobaki. Dawa ya nywele ahirisha, ikichuruzika kwenye tundu jipya utaungua. Usiku lalia upande mwingine, foronya nilikuwa naivika fulana safi, leo naigeuza, kesho nabadilisha.

Kabla hata ya kutobolewa angalia sindano. Iwe ya kutobolea yenyewe, mpya, pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na anayetoboa avae glovsi mpya. Homa ya ini, virusi vya UKIMWI, pepopunda, vyote vinaweza kupita kwenye chombo kisichosafishwa. Bunduki ya plastiki haiwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke ikasafishwa kweli, kufuta na spiriti hakutoshi, na kwenye gegedu inaponda badala ya kutoboa. Usione haya kuuliza, ukiona anakasirika ondoka. Kipini cha kwanza kiwe titani, au stili nzuri, au dhahabu ya kweli kwa sonara unayemuamini, zile za kuchovya nyingi zina nikeli inayowasha. Kiwe kirefu kidogo pia, ili ukivimba kisikuzame.

Kuvimba kidogo na maumivu siku za mwanzo ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni joto linalozidi, kudunda, usaha mzito wa njano au kijani wenye harufu, homa. Kwetu weusi usisubiri wekundu, ngozi yetu inaweza kuwa nyeusi zaidi na kung'aa kwa kuvutika. Ukiona hivyo nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa kama ni sikio la juu, na usikivue kipini mwenyewe kabla hujaonwa, tundu linaweza kufunga juu usaha ukabaki ndani. Kapsuli tafadhali usijinunulie, na usimwage.

Kuna na kile kinundu kinachoota pembeni ya tundu, wengi wanakiita keloidi wakakata tamaa. Mara nyingi ni hasira ya kidonda kwa kusuguliwa, ukiacha kukisumbua kinanywea. Keloidi ni kovu linalokua likavuka mipaka ya kidonda na haliachi, na sisi weusi tunalipata zaidi, lina asili ya ukoo pia. Mtazame mama yako, tazama makovu yako mwenyewe ya zamani. Kama yapo yaliyovimba namna hiyo, fikiria sana kabla hujatoboa.

Pua yangu niliibadilisha kipini mwezi wa sita, japo mwezi wa tatu nje palionekana pamepona kabisa, maana ngozi inaanza kufunga kwa nje, katikati ya tundu ndo ya mwisho. Mtoto wa dada yangu amekubali kusubiri harusi ipite. Nimemwahidi tutaenda wote, mie nitashika mkoba wake na nitaiangalia ile pakiti ikifunguliwa.