Taa ya betri inawaka kwa mbali? Fundi asichomoe terminali gari likiunguruma

Mkuu, kabla ya habari za betri gani ununue, mpigie huyo fundi sasa hivi umwambie spana namba 10 aiweke chini. Umeuliza ununue betri gani kabla ya safari ya Iringa, na umeandika kwamba taa za Toyota IST yako zinafifia ukiwa kwenye foleni, alama ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali, na kesho asubuhi fundi "atachomoa terminali gari likiwa linaunguruma aone kama alteneta inafanya kazi", yaani ile mashine inayochaji betri injini ikiwa inaunguruma. Asichomoe. Kipimo hicho ndicho kilichoniulia Noah yangu.

Dalili zilikuwa hizihizi zako. Nikisimama foleni usiku, taa za mbele zinakuwa njano. Nikikanyaga mafuta zinarudi kung'aa. Dirisha la umeme linapanda kwa kusuasua. Nikampelekea fundi rewaya, fundi wa umeme wa magari, ambaye mtaa mzima tunamwamini. Hakushika mita. Akalegeza terminali ya hasi, kile kibano cha waya kwenye betri, akaniambia nikanyage mafuta kidogo, akaichomoa. Taa za dashibodi zikawaka kwa mwanga mkali ambao sijawahi kuuona kwenye lile gari, redio ikakata, injini ikazima. Ikawa basi. Starta inazungusha vizuri, injini haishiki.

Nieleze kwa nini, maana wengi humu wataniambia "mbona sisi tunachomoa kila siku". Alteneta inapochaji, betri ndiyo inayomeza na kutuliza ule umeme. Ukiichomoa ghafla, alteneta haiwezi kupunguza uzalishaji papo hapo, kwa hiyo volti zinaruka kutoka 14 hadi makumi kadhaa ndani ya muda mfupi sana. Enzi za magari ya kabureta vitu vya kielektroniki vya kuungua vilikuwa vichache. Gari la leo lina kontroli boksi (kompyuta ya injini), ABS ya breki, airbag, na ndani ya alteneta yenyewe kuna diodi zinazogeuza umeme uwe wa DC na regyuleta inayodhibiti volti. Inawezekana uchomoe mara kumi salama, ya kumi na moja ikaondoka na boksi. Na hata ikinusurika, hicho kipimo hakikuambii kitu: alteneta iliyoungua diodi moja inaweza kuliacha gari liendelee kuunguruma bila betri, ilhali haina nguvu ya kubeba taa, feni na AC huku ikichaji.

Nikatafuta boksi la mtumba. Likapatikana, likafungwa, gari likagoma, kwa sababu boksi lile halikuutambua ufunguo wangu. Kulioanisha na ufunguo ni fundi mwingine na bei nyingine. Baada ya yote hayo ndipo mtu wa tatu akafungua alteneta mbele yangu, akaniwekea kiganjani kaboni mbili, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilizolika zikabaki vipande vifupi kama punje za mahindi. Kaboni! Hiyo ndiyo ilikuwa shida tangu mwanzo, na ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa kwenye alteneta nzima. Yule wa kwanza aliniambia ni bahati mbaya, boksi "lilikuwa limeshachoka". Akadai na hela ya ufundi. Mtu anayepima umeme bila mita hafai kushika gari la mtu, na nalisema hili nikiwa bado na hasira.

Kwa hiyo nunua mita ya kidijitali. Haifiki hata robo ya bei ya hiyo betri unayotaka kukimbilia. Weka kwenye volti za DC, alama ya 20. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, vishike kwenye vichwa vya risasi vya betri yenyewe, si kwenye kile chuma cha terminali.

Gari likiwa limezimwa usiku kucha, betri nzima inasoma 12.4 hadi 12.7. Washa injini: isome kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, feni ya AC mwisho, na mtu akanyage mafuta kidogo. Hapo ndipo ukweli ulipo. Ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, alteneta haichaji inavyotakiwa. Ikipita 15, regyuleta imekufa na inaipika betri. Ndiyo maana watu wengine wananunua betri mpya kila mara na kumlaumu muuzaji. Usihukumu kwa namba ya kwanza tu bila mzigo, kuna Toyota za miaka ya karibuni ambazo kompyuta yake hupunguza chaji kwa makusudi betri ikiwa imejaa.

Pima pia kwenye nati ya nyuma ya alteneta, pale waya mnene unapotokea. Pale ikisoma 14.2 na kwenye betri 13, alteneta haina kosa, waya au terminali ina kutu. Na kabla ya vyote, gari likiwa limezimwa, bonyeza mkanda wa alteneta kwa kidole. Ukilegea au ukiwa unang'aa kama umepakwa mafuta, anzia hapo.

Kitu kimoja wengi hawakitazami: ukiweka ufunguo ON kabla ya kuwasha, taa ya betri lazima iwake. Isipowaka kabisa, usifurahi. Ama balbu imeungua, ama kaboni au regyuleta haipitishi umeme, na siku alteneta ikifa hutaonywa.

Safari ya Iringa usiende na hiyo taa inawaka. Alteneta ikikata, gari linakula betri peke yake, na mlima wa Kitonga, kwenye njia ya Iringa, si mahali pa kuishiwa taa usiku katikati ya malori.

Pima leo jioni, ulete hapa namba zote tatu: limezimwa, limewashwa, na lina mzigo.