Kobe wako wa Urambo: ile sindano ya mbuzi iache kabisa

Mkuu wa Urambo, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema wiki tatu zilizopita uliwakuta watoto kando ya lami wamekaa na kobe, ukaona huruma, ukawapa elfu kumi ukaondoka naye. Sasa macho yamevimba, hali chakula, na jamaa wa duka la dawa za mifugo kakwambia umchome ile sindano ya minyoo ya mbuzi. Mwishoni ukaulizia kama hapo kwenu mnaweza kuanzisha kikundi cha kujitolea cha kutunza kobe, kama wanavyofanya Ulaya na Marekani. Naanza na sindano maana ndiyo yenye haraka.

Usimchome. Soma chupa. Kama imeandikwa ivamektini, kwa mbuzi hiyo ni dawa, kwa kobe ni sumu. Inampooza: miguu inalegea, shingo inalala, mwisho hata pumzi anashindwa kuvuta. Wataalamu walishaliandika hili tangu 1983, na kobe wetu mkubwa wa madoadoa alikuwa miongoni mwa walioathirika kwa dozi ndogo mno. Muuza duka hana kosa la makusudi, yeye kasomea ng'ombe na mbuzi. Ila wewe ndiye utakayebaki na mzoga.

Najua kwa sababu tumeshaua mmoja. Kikundi chetu hapa Tabora mjini kilikuwa na mwaka wa pili, tuna kobe wa madoadoa mwenye kupe wamejipanga kwenye mikunjo ya shingo kama punje za mtama. Tukaona aibu: watu wa kutetea kobe, kobe wao ana kupe! Tukamwita mtaalamu mmoja wa mifugo, akachoma, tukamlipa, tukashukuru. Kesho yake tukamkuta kichwa kiko nje, kidevu kimelala juu ya udongo, na tulipomkaribia hakukirudisha ndani. Tukadhani ana baridi, tukamhamishia juani. Kobe ni mnyama wa ajabu, hata kufa kwake hujui kumeanza saa ngapi. Tulikaa naye siku nzima tunabishana kama yu hai. Jioni nzi ndio waliotupa jibu. Kupe wale tungeweza kuwang'oa kwa kibano, mmoja mmoja, kazi ya nusu saa.

Sasa nikueleze tulivyoanza, maana ndani yake mna majibu yako mengine. Tulikuwa watu saba: walimu wawili, fundi baiskeli, mama lishe, kijana aliyekuwa anasoma chuo cha nyuki, dada mmoja mshonaji, na mimi karani. Hakuna hata mmoja aliyesomea wanyama. Kilichotukutanisha ni kobe aliyekuwa amefungwa chini ya mwembe mtaa wa Isevya. Mwenye nyumba alikuwa ametoboa ukingo wa gamba kwa msumari wa moto, akapitisha waya mwembamba ule wa kufungia nondo, akamfunga kwenye shina. Kobe alikuwa ametembea duara lile lile mpaka ardhi ikawa na mfereji. Mdomoni ugali umekauka kama plasta. Fundi baiskeli alichomoa plaizi mfukoni, akakata waya bila kuomba ruhusa, na mzee wa watu akatushangaa: "Kwani anaumia? Si gamba hilo!"

Hapo ndipo wengi tunapokosea, nami nilikuwa hivyo hivyo. Tunadhani gamba ni nyumba aliyoivaa, kwamba ukimtoa anabaki yeye. Hapana. Juu kuna tabaka kama la ukucha, lakini chini yake ni mfupa hai, wenye damu na hisia, na uti wa mgongo pamoja na mbavu zimeungana na mfupa huo. Kumtoboa gamba ni kumtoboa mfupa. Lile tundu lilikuwa linatoa usaha.

Tukamchukua, tukampa jina Mtemi, tukajenga banda nyuma ya nyumba ya mwalimu. Tulikuwa tumejaa fahari. Baada ya miezi mitatu afisa wanyamapori akapita kwa shughuli zake, akaangalia banda, akauliza kwa upole kabisa: "Kibali kiko wapi?" Hatukuwa nacho. Kobe ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 huruhusiwi kumiliki mnyamapori kwa sababu tu unampenda. Kumbe watetezi nasi tulikuwa wahalifu. Nashukuru yule bwana alichagua kutuelekeza kuliko kutupeleka kituoni, lakini usitegemee bahati hiyo. Na wewe, mkuu, kwa hali ilivyo leo uko palepale tulipokuwa sisi.

Kuhusu ile elfu kumi, naomba usinikasirikie. Ulinunua kwa huruma, lakini mtoto hajaona huruma, kaona elfu kumi. Kesho ataingia porini na mfuko. Sisi tulinunua watano kwa mtindo huo kabla mama lishe wetu hajatuamsha: "Mnalalamika wanauza, na wateja ni ninyi." Toka siku hiyo hatutoi hata mia. Ukimkuta mtoto na kobe, kaa naye chini, muulize kamtoa wapi, mwambie mwende pamoja mkamrudishe. Wengi wanakubali, hasa ukiwapa kazi ya kukuonyesha njia. Huko juu kuna biashara ya kobe kubwa kuliko hii ya watoto wa kando ya lami. Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na kobe wetu yule bapa kama chapati, anayeishi kwenye nyufa za miamba, alipandishwa mwaka 2019 kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu ya kumalizwa na wafugaji wa ng'ambo. Kwa hiyo kila kobe mwenye bei, hata bei ya elfu kumi, anafundisha mtu kwamba mali hiyo inauzika.

Sasa chakula. Kwanza umjue ni kobe gani. Maporini kwetu utakutana hasa na aina mbili. Yule wa madoadoa, gamba limeinuka kama chungu kilichofunikwa, ni mla nyasi. Mpe ukoka, mchunga, magugu ya shambani, maua, mpungate uliotolewa miiba. Usimpe ugali, mkate, wali, wala dagaa. Najua dagaa wa Kigoma wapo na ni watamu, lakini huyu chakula cha nyama na samaki kinaweza kumharibu figo. Kisamvu kibichi usimpe. Akihitaji madini ya chokaa, muwekee mfupa mkavu wa zamani. Porini huwa anatafuna mifupa, hata kinyesi cha fisi anakila kwa sababu kimejaa mifupa iliyosagwa. Wanaochukia kusikia hili wasome haraka wapite.

Wa pili ni mdogo, wa kahawia, hazidi sana sentimita ishirini, na nyuma ya gamba ana bawaba. Kweli, bawaba, kama ya mlango. Ukimshika anashusha sehemu ya nyuma na kufunga miguu ndani. Dada mshonaji alitia kidole pale kuangalia kama kuna kidonda, bawaba ikafunga, na alisubiri dakika nyingi kweli kobe abadilishe mawazo. Wanasema ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Yule alikuwa bunge zima. Jina lake la kisayansi limetokana na Speke, Mwingereza aliyepita hapa Tabora, enzi hizo Kazeh, mwaka 1857 akielekea Ujiji na mwenzake Burton. Utafikiri kobe alikuwa anamsubiri yeye aje ampe jina.

Huyu wa bawaba ndiye aliyetuaibisha tena. Tulimlisha majani matupu kama Mtemi, akawa anakonda, kila Jumapili mizani inashuka. Ikanyesha mvua ya kwanza ya Novemba, kijana wa chuo cha nyuki akaja na uyoga wa kula nyumbani kwao, ukadondoka mmoja bandani. Kobe aliukimbilia, kwa kiwango cha kobe. Kesho yake tukamsikia anatafuna kitu kinachopasuka kama karanga: jongoo. Kumbe mwenzetu anakula uyoga, konokono, jongoo, matunda yaliyoanguka, na majani kidogo. Na kiangazi hujificha akalala hata miezi, kwa hiyo si kila kobe asiyekula Agosti ni mgonjwa. Wako ukimwona ana bawaba, hilo nalo liingize kwenye hesabu. Ila macho kuvimba hakutokani na usingizi wa kiangazi.

Swali gumu kuliko yote ni la kuwarudisha porini. Wanachama wengi wapya huja na wazo kwamba tukusanye kobe wote wa mjini, tukodi gari, tukawaachie msituni Sikonge, tupige picha. Inapendeza. Na ni hatari. Kule California, ambako vikundi vya kujitolea vya kobe vipo tangu miaka ya 1960, kobe wa jangwani wa nyumbani hawaruhusiwi kuachiwa porini, kwani wanaweza kuwa na ugonjwa wa njia ya hewa unaosambaa kutoka kwa wafugwao kwenda kwa wa porini. Wanatafutiwa watu wenye vibali na nyua zinazofaa, wanakaa huko maisha yao yote. Hiyo ndiyo sehemu ya vikundi vya wenzetu ninayoipenda: wana daftari, wana watu wa kukagua uwanja kabla ya kukupa kobe. Lakini usikopi kila kitu. Wao wamerithi kobe wengi waliokwisha kuwa wa nyumbani, wengine wametoka nchi za mbali. Sisi msitu uko hapo nyuma ya mashamba ya tumbaku. Kwetu kazi ya kikundi ni kobe asifike nyumbani kabisa.

Kwa hiyo kikundi chetu sasa hakina hata kobe mmoja. Watu wakija kutembelea wanasikitika, wanataka kuona banda. Banda tulilibomoa mbao zikaenda kwenye kiti cha mama lishe. Tunachofanya ni kuzunguka shuleni na gamba la yule tuliyemuua, lililopasuliwa katikati, watoto waone mbavu zilivyoshikana. Linafanya kazi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Tunapokea simu, tunaunganisha mtu na afisa wanyamapori. Na mwezi wa tano na wa sita tunakaa na warina asali kuongelea moto. Hawa ndio wenzetu wa kweli, kwa sababu moto wa kichaa ukipita mwezi wa tisa unaunguza maua yao na mizinga yao, na kobe hana mbio za kuukimbia. Moto ukiwashwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita juu juu na kobe aliyejibanza chini ya gogo anapona. Mrina mmoja alituletea kobe mwenye gamba lililoungua upande mmoja likaota upya chini yake, mwenyewe hai anatembea. Tulimwambia amrudishe palepale alipomtoa, akacheka, akasema ameshatembea kilomita nane kumleta. Akamrudisha.

Mtemi je? Yeye alikaa muda mrefu mno na wengine, na tundu lake halikuziba vizuri. Afisa alimhamishia mahali penye kibali. Hatukupelekwa kuaga.

Sasa wewe fanya hivi leo. Tafuta beseni, tia maji ya uvuguvugu kina kisizidi kidevu chake akiwa amesimama, muweke humo robo saa. Anaweza kukojoa, kunya, na kunywa kwa pamoja, usishangae, mwaga uoshe beseni. Macho yasafishe kwa maji safi na pamba tu. Muweke penye jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia, jua limpige moja kwa moja, la dirishani kwenye kioo halimsaidii kutengeneza vitamini D. Ukiona mapovu puani au anapumua mdomo wazi, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu, usisubiri. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, hasa watoto, kobe hubeba salmonela bila yeye kuugua.

Kesho asubuhi nenda halmashauri kwa afisa wanyamapori, mweleze ukweli wote pamoja na mahali watoto walipomtoa. Kama wiki hizi tatu kobe wako hajakaa na kobe mwingine, na akipona, kurudishwa palepale bado kunawezekana, lakini uamuzi ni wa afisa, si wako wala wangu. Muombe akuunganishe na daktari wa mifugo aliyewahi kugusa kobe. Kikundi tutaongea ukishamaliza hilo, mimi Urambo nafika kila mwisho wa mwezi.

Na hiyo chupa kama ulishainunua, mpe jirani mwenye mbuzi.