Ralonji yenye kinga haitoshi: niliyoyaona nyumbani kwangu Goma

Dada, umeuliza kama ralonji (ekstensheni) yenye kinga uliyonunua, ile ya soketi sita na taa ya kijani, inatosha kulinda kompyuta ya mezani. Mimi niko Goma, nachapa na kutoa nakala nyumbani, na kompyuta hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto. Haitoshi. Nilikuwa na ralonji kama yako.

Ilikuwa saa mbili usiku. Taa ya sebuleni ikaanza kuwaka nyeupe kupita kawaida, friji ikanguruma, na kabla sijaifikia plagi nikasikia kitu kikipasuka ndani ya kompyuta kama punje ya mahindi kikaangoni. Chumba kikajaa harufu ya kuungua. Asubuhi fundi alichomeka kipimo soketini: volti 340. Waya wa nyutro ulikuwa umekatika kule nguzoni. Mtaa ukigawiwa umeme wa fazi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, nyutro ndiyo inayoishikilia kila nyumba kwenye volti 220. Ikikatika, nyumba zenu zinagawana volti za fazi mbili, na mwenye vyombo vichache vinavyowaka ndiye anayebebeshwa nyingi, hata kukaribia 380.

Fundi aliifungua ralonji mbele yangu. Ndani mlikuwa na kidude cha mviringo, bapa, ukubwa wa kifungo cha koti, chenye miguu miwili ya waya. Hicho ndicho varista, na ndiyo kinga yenyewe, hamna nyingine. Changu kilikuwa cheusi, kimepasuka katikati, na plastiki chini yake imeyeyuka. Akaniambia, "Papa, hii ni ya kuzuia mshindo wa mara moja. Hii haiwezi kubeba usiku mzima."

Hapo ndipo wengi tunapochanganya mambo. Varista humeza mshindo, yaani volti kuruka juu ghafla, unaodumu sehemu ndogo mno ya sekunde. Ukiipa volti 340 dakika nzima inachemka na kuungua, na inaweza hata kuwasha moto. Tena kila mshindo inaoumeza unaila kidogo, na kwenye ralonji nyingi ile taa ya kijani inaonyesha tu kwamba umeme upo, si kwamba kinga bado ni nzima. Pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, nayo haiwezi: umeme wa 220 ukishanyooshwa mle ndani kuwa wa mkondo mmoja hufika volti 310 hivi, na kapasita, kidude kinachoupokea na kuuhifadhi, mara nyingi kimeandikwa mwisho 400 au 450. Umeme wa 340 hufika 480, kupita uwezo wake.

Kinachohitajika kwetu ni kikata-umeme, kile kifaa kinachouzwa kwa ajili ya kulinda friji, kinachokata chenyewe volti zikipita kiwango, kwa kawaida 250 au 260, au zikishuka mno. Umeme ukirudi, hakiufungui papo hapo. Kinasubiri dakika 3 hadi 5. Usikasirikie kusubiri huko. Umeme unaporudi, friji na pasi za mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja na volti huyumba vibaya. Kichomeke ukutani kwanza, vingine vyote vifuate nyuma yake.

UPS, kile kisanduku chenye betri tunachokiita onduleur, ni nzuri kwa kukupa dakika za kuhifadhi kazi. Lakini zile za bei nafuu hupitisha umeme wa ukutani moja kwa moja mpaka ukatike au uharibike, na zenyewe pia huungua kwa volti nyingi, kwa hiyo ikae nyuma ya kile kikata-umeme. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta sana inapopasha joto.

Sasa waya wa ardhini, maana varista nyingine humwaga mshindo huko, na kama hakuna ardhi hazina pa kuumwaga. Nyumba yangu imekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka 2002. Tulipiga nondo ya shaba kwa nyundo, ikaingia kama kiganja kimoja, ikapinda. Mwamba ule mkavu wenyewe haupitishi umeme vizuri. Mwishowe tulichimba mfereji mrefu nyuma ya jiko, tukalaza waya mtupu wa shaba, tukaujaza udongo mweusi tulioununua, na maji ya kuoshea vyombo sasa tunayamwaga hapo ili pasikauke. Fundi wako apime kwa kifaa, asikuambie tu kwamba imekaa sawa.

Na radi usizipuuze. Utafiti wa satelaiti za NASA uliotolewa 2016 uliweka sehemu ya mashariki mwa Kongo ya pili duniani kwa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Jirani yangu alichomoa plagi mvua ilipokuja, akauacha waya wa intaneti unaoshuka kutoka antena ya paani. Radi ilipopiga karibu, ruta ilikufa pamoja na tundu la waya huo kwenye kompyuta. Chomoa vyote viwili, na chomoa mapema. Ngurumo zikishakuwa juu ya paa, usiguse waya wowote.

Kama mfuko wako unaruhusu kitu kimoja mwezi huu, nunua kikata-umeme, onduleur isubiri. Ila angalia kwanza ampea zilizoandikwa juu yake, na usichomeke pasi kwenye ralonji hiyo hiyo.