Jiwe la ghorofani: kwa nini umepata mita 15 badala ya 30

Kosa liko hapa, mdogo wangu. Jiwe limerushwa mlalo kwa mita 15 kwa sekunde kutoka juu ya jengo la mita 20, swali ni litaanguka umbali gani kutoka kwenye jengo, nawe hiyo 15 umeiingiza kwenye hesabu ya kuanguka. Ndiyo maana ukapata sekunde 1. Kasi ya mlalo haisukumi jiwe chini hata kidogo! Wima linaanza na kasi sifuri: 20 = ½ × 10 × t² (10 ni kasi inayoongezeka kila sekunde kwa mvutano wa dunia, t ni muda), kwa hiyo t ni sekunde 2. Sasa rudi mlalo: 15 × 2, mita 30. Gawa ukurasa kwa mstari, mlalo huku, wima kule. Kinachovuka mstari ni muda tu. Wakiuliza kasi ya kugonga ardhi, ya wima imefika 10 × 2 = 20, hivyo kwa Pythagoras, √(15² + 20²), ni mita 25 kwa sekunde.