Kusomea retina na kubaki chuoni: jibu langu kwa daktari anayesita

Daktari, umesema uko mwaka wa mwisho wa MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa) ya macho. Unataka kwenda kusomea retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kubaki kufundisha chuoni, ila wenzako wanakwambia utapoteza muda, kwamba upasuaji wa mtoto wa jicho peke yake unatosha kulisha familia. Niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na tatu sasa, hapa Dar, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Njia ni ndefu, hilo unalijua. Miaka mitano ya shahada, mwaka wa intern, MMed, ndipo uanze mafunzo ya retina ya mwaka mmoja hadi miwili, na wengi wetu tumeyafuata nje ya nchi. Mimi nilikwenda India, Madurai, katika hospitali ya Aravind. Ilianzishwa 1976 na Dkt. Govindappa Venkataswamy ikiwa na vitanda 11 tu. Mzee huyo vidole vyake vilipindishwa na baridi yabisi tangu ujana, akajifunza upya kushika kisu, akapasua macho na kufundisha wengine. Nilifika kule nikiamini upasuaji wa macho ni kipaji, ama umezaliwa na mkono ama huna. Imani hiyo iliniisha.

Wiki zangu za kwanza sikupasua jicho la mtu. Nilichora. Mgonjwa amelala, nimevaa taa kichwani na lenzi iko mkononi, karatasi nimeiweka juu chini kifuani pake kwa sababu picha unayoiona nayo imepinduka. Nyekundu kwa retina iliyoshika, bluu kwa iliyobanduka, tundu nyekundu lenye mzingo wa bluu. Mwalimu wangu alikuwa anaangalia jicho, anaangalia mchoro, kisha ananirudishia karatasi bila neno lolote. Maana yake kuna tundu sijaliona. Siku moja alinirudishia mara nne. La mwisho lilikuwa pembeni kabisa, dogo kama ncha ya sindano, na ndilo lingemrudisha yule mama hospitali baada ya mwezi mmoja. Kabla ya Jules Gonin, daktari wa macho wa Lausanne, Uswisi, mtu aliyebanduka retina alihesabiwa kipofu. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba chanzo ni tundu, ukiliziba umetibu. Nami wanafunzi wangu nawachorisha, hata kama siku hizi kuna mashine ya kupiga picha jicho zima.

Upasuaji wenyewe unaousikia, wa kuingia ndani na kuondoa ute mzito unaojaza jicho, daktari Robert Machemer aliufanya kule Miami mwaka 1970. Kabla yake ute ulikuwa mahali pa kuogopwa, haupaswi kuguswa. Kifaa chake alianza kukijaribu kwenye ute wa yai. Sisi tunatumia macho ya mbuzi kutoka machinjioni, na lazima yafike siku hiyohiyo, yakilala konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inafifia na huoni kitu ndani.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikufundishwa popote. Kazi ngumu kuliko zote katika fani hii ni kukaa kwenye darubini ya pembeni na kuweka mikono yako mapajani. Mwanafunzi ameshika taa mkono wa kushoto na kikata ute mkono wa kulia, kinakata zaidi ya mara 5,000 kwa dakika, na retina iko milimita chache tu kutoka kwenye ncha. Unaona anapokwenda. Wewe ungemaliza kwa dakika tano. Ukimnyang'anya mapema hatajifunza, ukichelewa mgonjwa ataumia. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilinyang'anya karibu kila mara na nikajiona mwalimu makini. Wale vijana waliondoka wameona upasuaji mwingi na kufanya mchache. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu wagonjwa wao ndio waliolipa.

Jambo jingine: fundisha ukianzia kwenye historia ya mgonjwa. Nilimpokea mkulima kutoka Njombe, retina imebanduka jicho la kulia. Mwanafunzi wangu akapanga vizuri kila kitu, mwishoni ajaze jicho gesi ya kuibana retina mahali pake. Nikamwuliza, huyu baba anarudi wapi? Njombe ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gesi ikipanda milimani inatanuka na presha ya jicho inapaa. Tukamwekea mafuta ya silikoni, ingawa ilibidi arudi tena kuyatoa. Swali la "unaishi wapi" ni swali la upasuaji.

Baba huyo alikuwa ameshazungushwa wiki sita. Aliona vimulimuli, kisha kama pazia jeusi linashuka, na zahanati moja ikampa dawa ya matone. Chembe zinazopokea mwanga hulishwa na tabaka la nyuma yake, retina ikibanduka zinaanza kufa. Tulimrudishia uwezo wa kutembea bila kushikwa mkono. Kusoma, hapana. Tangu hapo kila mwezi nakwenda kuongea na matabibu wa zahanati, nusu saa tu: vimulimuli, vidoa vyeusi vya ghafla, pazia, rufaa leo. Mwaka jana tabibu mmoja kijana alinipigia simu saa mbili usiku, dada mmoja kaona pazia tangu asubuhi. Tulimpasua kesho yake kabla katikati ya retina haijabanduka. Anasoma. Sijawahi kufanya upasuaji ulionifurahisha kuliko simu ile.

Kuhusu pesa, mshahara wa chuo hautakutajirisha, wengi tuna kliniki ya jioni. Kupanda cheo ni kwa machapisho, kwa hiyo anza kuhifadhi takwimu za wagonjwa wako tangu siku ya kwanza. Na wagonjwa ambao kisukari kimewaharibu retina hawataisha, jiandae kwa leza na sindano za macho nyingi kuliko upasuaji.

Ukiomba nafasi ya mafunzo, usiulize hospitali hiyo inapasua wangapi kwa mwaka. Tafuta aliyemaliza pale mwaka uliopita, mwulize kwa simu: wewe mwenyewe ulipasua wangapi, na mwalimu wako alikuwa amekaa wapi?